Udongo wa Jasi Jangwani: Si Chumvi, Si Chokaa

Anayeuona udongo wa jasi kwa mara ya kwanza huukosea jina. Ardhi ni nyeupe, nyasi zimejitenga mafungumafungu, na ukikwangua kidogo tu unga mweupe unashika vidoleni. Huyu atasema ni magadi, yule atasema ni chokaa. Kuwasuluhisha hakuhitaji maabara. Dondoshea siki: chokaa itatoa povu, jasi itanyamaza. Kisha tafuta punje inayong'aa uikwaruze kwa ukucha. Jasi itakwaruzika, maana ugumu wake ni 2 katika kipimo cha Mohs, na ukucha unaizidi kidogo. Ukithubutu, gusisha ncha ya ulimi (sisi watu wa udongo huonja zaidi ya tunavyokiri). Hutapata ule ukali wa chumvi.

Jasi, ambayo mafundi wa dari huiita jipsamu, ni salfeti ya kalisi iliyofungia maji ndani ya fuwele zake. Ukitaka kuuelewa udongo wake, anza na namna inavyoyeyuka. Lita 1 ya maji huyeyusha gramu 360 hivi za chumvi ya mezani. Mawe ya chokaa hayafikishi hata sehemu ya kumi ya gramu. Jasi iko katikati: gramu 2.5 hivi. Penye mvua nyingi ingekwisha kuoshwa zamani. Jangwani mvua huiyeyusha juu, ikaishusha kidogo, kisha maji yakanyonywa na mizizi au yakakauka, nayo ikaganda palepale yalipoishia.

Ndiyo maana napenda kuchimba shimo na kuusoma ukuta wake. Juu kuna tabaka jembamba la kijivu au kahawia. Chini yake zinaanza nyuzi nyeupe, nyembamba kama uzi wa kushonea, zikifuata njia za mizizi iliyokufa. Zikizidi zinaungana kuwa unga, na mahali pengine unga huo umeshikana ukawa tabaka gumu ambalo sururu hulirukaruka na mizizi hulizunguka. Kwa uainishaji wa kimataifa, tabaka huhesabiwa kuwa la jasi likiwa na angalau asilimia 5 ya jasi na unene wa sentimita 15, pamoja na masharti mengine. Udongo wa namna hii uko Somalia, Iraki, Syria, bonde la mto Ebro nchini Hispania, na jangwa la Chihuahua kati ya Meksiko na Marekani. Kule White Sands, New Mexico, jasi imekuwa matuta matupu ya mchanga mweupe, lakini hiyo ni sura ya pekee. Nyanda nyingi za malisho ya jasi wala hazipigwi picha.

Lishe yake ni hafifu. Jasi haina uwezo wa kushika virutubisho ulio nao udongo wa mfinyanzi, kalisi ni tele hadi mmea unapata shida kufyonza magnesi na potasi, na fosforasi hufungwa na kalisi hiyohiyo. Kipima chumvi nacho hudanganya: jasi peke yake hukipandisha hadi kama 2 dS/m (desisimensi kwa mita, yaani jinsi maji ya udongo yanavyopitisha umeme), mtu akadhani ardhi imeharibika kwa chumvi.

Maji yaliyofungwa ndani ya fuwele ni asilimia 21 hivi ya uzito wa jasi. Nilipokuwa mgeni maabarani nilikausha sampuli ili kupima unyevu wake, kwa joto la nyuzi 105 za Selsiasi, kama udongo mwingine wowote, nikaandika kwamba vumbi la kiangazi lina unyevu kama shamba lililonyeshewa jana. Mkubwa wangu alicheka mpaka akakaa chini. Oveni ilikuwa imeivunja jasi yenyewe na kutoa maji yake. Siku hizi tunakausha kwa joto la chini na kwa subira. Ila mmea mmoja umetupita akili: watafiti walionyesha mwaka 2014 kwamba Helianthemum squamatum, kichaka kifupi cha Hispania chenye mizizi ya juujuu, hupata sehemu kubwa ya maji yake ya kiangazi kutoka kwenye fuwele hizo.

Kwa mfugaji, cha kulindwa kwanza ni ngozi ya juu ya ardhi. Piga magoti uitazame kwa karibu: ni ukoko wenye vinundu vyeusi, vyeupe na vya manjano. Huo ni uhai. Ni kuvumwani, yaani kuvu na mwani walioungana, pamoja na bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Nyuzi zao hushona chembe za udongo zisipeperushwe, na baadhi yao huchukua nitrojeni hewani na kuitia ardhini. Ukikauka, ukoko huu huvunjika kama biskuti chini ya kwato, na kurudi kwake ni suala la miaka mingi. Kundi likipitishwa njia ileile kila siku kwenda majini, njia hiyo hugeuka vumbi jeupe. Afadhali njia moja iharibike kuliko kundi kutawanywa kote.

Kuhusu maji yenyewe: kisima kilichochimbwa kwenye jasi hutoa maji machungu yenye salfeti. Ng'ombe wageni huharisha, na salfeti ikizidi huzuia mwili kufyonza shaba na hata kudhuru ubongo. Pima kabla ya kuhamishia mifugo hapo. Na lambo usichimbe kwa pupa. Maji yaliyotuama hula jasi kidogokidogo, yakafungua vijia chini ya ukingo, hadi siku moja unakuta lambo tupu na tundu lenye upana wa ndoo pembeni. Ukilazimika, tandika turubai la plastiki lisilopitisha maji, na birika la zege lijengwe kwa saruji inayohimili salfeti, kwa kuwa saruji ya kawaida huvimba na kupasuka ikigusana na udongo huu kwa muda mrefu.