Lebanon: Vita Viliisha, Daftari la Madhehebu Likabaki

Machi 2023, Lebanon ilikuwa na saa mbili. Usiku wa kuamkia tarehe 26 saa zilipaswa kusogezwa mbele, kama kila mwaka kiangazi kinapokaribia. Waziri Mkuu Najib Mikati, baada ya kukutana na Spika Nabih Berri, akaahirisha mpaka Ramadhani iishe, ili wafungaji wafuturu mapema kwa saa ya ukutani. Kanisa la Wamaroni, dhehebu kubwa la Kikristo nchini humo, likakataa, na baadhi ya vituo vya televisheni vikakataa nalo. Nchi ndogo kuliko mkoa wa Kilimanjaro ikawa na "saa ya Waislamu" na "saa ya Wakristo". Ofisi moja ikisema saa mbili asubuhi, jirani yake ng'ambo ya barabara anasema saa tatu. Siku chache baadaye serikali ilirudi nyuma.

Wanafunzi hucheka nikiwasimulia kisa hiki, na kweli kinachekesha. Ila watu haohao miaka ya vita vya wenyewe kwa wenyewe walikuwa wakisimamishwa kwenye vizuizi vya barabarani na kudaiwa kitambulisho. Kitambulisho kiliandikwa dhehebu, na dhehebu ndilo lililoamua nani apite na nani ashushwe garini asirudi. Vita hivyo vilianza Aprili 1975 na kuisha 1990, vikiwa vimeua zaidi ya watu 100,000.

Wengi husema Walebanoni wanachukiana kwa sababu ya dini. Mimi sioni hivyo. Wanakaa nyumba za jirani, wanafanya biashara pamoja, wanaoana. Tatizo liko kwenye daftari. Dola inatambua madhehebu 18, na mtoto anaandikwa katika mojawapo tangu anapozaliwa. Ndoa, talaka na malezi ya watoto huamuliwa na mahakama za dhehebu, kila moja na sheria zake. Wapenzi wa madhehebu mawili wasiotaka mmoja wao abadili dini hupanda ndege hadi Cyprus, wakafunga ndoa ya kiserikali, kisha wakarudi kuisajili nyumbani. Yaani Lebanon inaikubali ndoa hiyo, mradi isifungwe Lebanon!

Mapatano ya kumaliza vita yalifikiwa mwaka 1989 mjini Taif, Saudi Arabia. Zamani viti vya bunge viligawanywa sita vya Wakristo kwa vitano vya Waislamu. Taif ikafanya nusu kwa nusu. Rais akaendelea kuwa Mmaroni, waziri mkuu Msunni, spika Mshia, desturi iliyotokana na makubaliano ya mdomo ya 1943. Mwaka 1991 ukapita msamaha wa jumla, na wababe wa vita wakavaa suti wakaingia barazani. Berri, aliyeongoza wanamgambo wa Kishia wa Amal, amekalia kiti cha spika tangu 1992. Hezbollah, kundi jingine la Kishia, haikusalimisha silaha kama wengine. Kuhesabu watu kwa dhehebu hakuguswi kabisa: sensa rasmi ya mwisho ni ya mwaka 1932.

Tusiwabeze waliosaini Taif. Bunduki zilinyamaza, na hilo si dogo. Walijua pia kwamba mgawo huu ni dawa ya muda, maana kifungu cha 95 cha katiba kinaagiza iundwe kamati ya kitaifa ya kuandaa njia ya kuuondoa. Kamati hiyo haijaundwa. Kiongozi ambaye wafuasi wake wanapata kazi, kitanda cha hospitali na nafasi ya shule kupitia kwake, aivunje ngazi aliyopandia kwa faida gani?

Gharama ya mgawo huu ilionekana Oktoba 2019, misitu ilipowaka moto. Vijana zaidi ya 100 walikuwa wameshafaulu mtihani wa serikali wa kuwa walinzi wa misitu, lakini hawakupewa ajira. Miongoni mwa waliofaulu Waislamu walikuwa wengi kuliko Wakristo, kwa hiyo hati ya uteuzi ikakaa bila saini. Kifungu hichohicho cha 95 kinasema nafasi kama hizo, zisizo za daraja la juu, zisigawanywe kwa dhehebu. Ndege za kuzima moto zikaja kutoka nchi nyingine, Cyprus ikiwemo, kulekule wanakokwenda kuoana.

Tarehe 17 mwezi huohuo watu walijaa barabarani kuwapinga viongozi wao, Beirut hadi Tripoli hadi Nabatieh. Walikuwa wakiimba kauli moja, "wote maana yake wote", wakimaanisha kwamba hata kiongozi wa dhehebu langu mimi hasalimiki.