Je, wajua? Povu la siki na magadi halizibui karo

Kwa miaka kadhaa nilikuwa na dawa moja tu ya karo lililoziba: vijiko viwili vya magadi (bekingi soda), glasi ya siki, halafu narudi nyuma hatua moja kutazama. Povu hutoka la kupendeza. Linachemka, linapanda, linabubujika mpaka ukingoni, na mtu huamini kabisa kwamba huko chini kuna kazi inafanyika. Kipupwe kilichopita, nyumbani Ngamiani hapa Tanga, karo letu la kuoshea vyombo liligoma baada ya shughuli ya wali wa nazi na nyama. Nikamimina mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Fundi bomba alipofika alinikuta bado nimeshika chupa ya siki. Nikamwamkia, akaitikia, akachungulia lile povu kwa utulivu, kisha akauliza: "Mwanangu, unazibua au unaumua maandazi?"

Swali lile lina kemia ndani yake. Magadi yakikutana na asidi ya siki hutoa gesi ya kaboni dioksidi, gesi ile ile inayoumua keki na kuchemsha soda kwenye chupa. Na si gesi kidogo. Kijiko kikubwa kimoja cha bekingi soda, gramu 14 hivi, kikipata glasi moja ya siki ya kawaida kinaweza kutoa takriban lita 4 za gesi. Karibu ujaze kidumu cha mafuta ya kupikia, kutoka kwenye kijiko kimoja! Ukisikia hesabu hiyo unaona ni haki bomba lizibuke. Mimi niliisikia, nikazidi kuamini.

Kosa liko kwenye njia ya kutokea. Tanga ni mji wa baiskeli, basi tuchukue pampu ya baiskeli. Ukisahau kuibana kwenye valvu, unaweza kusukuma tangu adhuhuri mpaka alasiri na tairi likabaki limelala. Hukukosa upepo; upepo ulikosa kuzuiwa. Karo lililoziba ni pampu isiyobanwa. Chini kuna uchafu ulioshikamana, juu kuna tundu wazi linalokutazama. Gesi haina sababu ya kupigana na uchafu wakati mlango uko wazi, kwa hiyo lita zote nne hupanda juu na kupasukia puani mwako. Ile kelele iliyokuwa ikinifurahisha ilikuwa ni sauti ya nguvu inayoondoka.

Kuna wanaofunika tundu kwa sahani au kitambaa ili gesi "isukume chini". Wazo si la kipuuzi, ila sahani hainyanyuki kwa shida: gesi ikipata mgandamizo mdogo tu inaipenya pembeni. Ukiibana kwa nguvu hasa, siki ndiyo inayoweza kukurukia usoni.

Na kinachobaki baada ya povu kutulia? Maji yenye chumvi iitwayo asetati ya sodiamu, ambayo viwandani hutumika hata kukolezea ladha vyakula kama krispi. Siki peke yake ina uwezo fulani wa kulainisha ukoko wa chokaa. Magadi peke yake yana ukali kidogo dhidi ya mafuta. Ukiyachanganya, yanamalizana yenyewe kwa yenyewe, kama mafundi wawili ulioita wakazibue wakaanza kupigana mlangoni. Wanaoapa kwamba njia hii imewasaidia hawasemi uongo, lakini wengi humalizia na birika la maji ya moto, na karo lao mara nyingi lilikuwa linapitisha maji polepole, halijaziba kabisa. Mpaka mtu ajaribu maji ya moto bila povu, sifa zote zitakwenda kwa povu kwa sababu ndilo lililoonekana.

Turudi kwa fundi. Mimi nilikuwa nimeyachota maji yote yaliyotuama, nikidhani namrahisishia kazi. Akaniambia niyarudishe. Akatoa kile kikombe cha mpira chenye mpini wa mti, kinachouzwa kila duka la vifaa vya ujenzi na ambacho nilikidhania ni cha kusukumia hewa.

Chukua tena pampu ya baiskeli. Ziba mdomo wake kwa kidole gumba halafu sukuma: mpini unashuka, unadunda, unarudi, kwa sababu hewa inakubali kubanwa. Sasa ijaze maji, ziba tena, sukuma. Mpini haushuki, kidole ndicho kinachosukumwa. Maji hayabonyei kwa kiasi cha kuonekana, kwa hiyo kila unachotia upande huu kinatokea upande wa pili papo hapo, kama abiria waliosimama wamebanana ndani ya daladala: wa nyuma akisukumwa, wa mlangoni ndiye anayedondoka. Mfaransa Blaise Pascal aliieleza kanuni hiyo katika karne ya 17, bila shaka akiwa na mambo mengine akilini kuliko vyombo vya wali.

Ndiyo maana maji lazima yafunike kikombe cha mpira. Kikiwa na hewa tupu chini yake, nguvu yako yote inaishia kubana hewa, nayo hewa inadunda. Na ndiyo maana fundi alichukua kitambaa kilicholowa akakishindilia kwenye kile kitundu cha juu cha karo, kinachozuia maji yasifurike. Kitundu hicho kikiachwa wazi, tumerudi kwenye pampu isiyobanwa. Kwenye karo lenye mabeseni mawili, tundu la pili nalo huzibwa.

Jambo la mwisho lilinishangaza zaidi: alivuta kwa nguvu kuliko alivyosukuma. Uchafu huo umeshindiliwa kwa wiki nyingi na maji yanayoshuka. Kuusukuma tu ni kuendelea kuushindilia. Mtu anayeng'oa kigingi cha mbuzi hakipigi nyundo. Anakitikisa huku na huku mpaka udongo ulegee. Baada ya mivuto kumi na tano hivi karo lilikohoa, maji yakazunguka, yakashuka.

Njia nyingine zina mahali pake. Maji ya moto hufaa kwa mafuta, lakini angalia mafuta gani. Ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi za Selsiasi. Wenye nywele wanajua, chupa huganda usiku wa kipupwe na mchana inajiyeyukia. Katika joto la Tanga, tui linasingiziwa sana. Mafuta ya ng'ombe hayayeyuki vizuri kabla ya nyuzi 40, na ukiyayeyusha kwenye kona yanasafiri mbele kidogo, yanapoa, yanaganda pale ambapo mkono wako haufiki. Maji yanayotokota nayo si rafiki wa bomba la PVC, ambalo hulainika karibu na nyuzi 80.

Kostiki soda, ile ya watengeneza sabuni, hugeuza mafuta kuwa sabuni hukohuko bombani na hulainisha nywele za bafuni. Lakini haina habari na mchanga. Huchemka inapokutana na maji, huunguza ngozi na macho, na hula sufuria ya alumini huku ikitoa gesi ya haidrojeni inayoweza kushika moto. Ikimwagwa ikashindwa, mwambie fundi kabla hajaingiza mkono. Dawa ya kung'arishia nguo usiichanganye na siki wala asidi yoyote: hutoka gesi ya klorini, na hiyo ni sumu. Nywele, kwa kweli, zinahitaji waya uliokunjwa ncha tu. Na ikiwa karo, bafu na choo vimegoma siku moja, acha kuhangaika na karo. Tatizo liko kwenye chemba au mbele yake.

Kabla ya kuondoka, fundi aliweka ndoo chini ya karo akafungua kwa mkono lile bomba lililopinda. Kona hiyo huwekwa makusudi: hubakiza maji kidogo ili harufu isipande. Aliyepata hataza ya choo chenye kona ya namna hiyo, London mwaka 1775, alikuwa mtengeneza saa, Alexander Cumming. Ubaya wake ni kwamba kinachozuia harufu huzuia na kila kitu kizito.

Kilichoanguka ndoani kilikuwa donge jeupe, kubwa kama ndimu. Fundi akalivunja kwa vidole. Mafuta ya nyama yalikuwa kidogo. Kilichobaki chote kilikuwa machicha ya nazi, nyuzinyuzi ambazo siki haizimung'unyi wala kostiki soda haizimalizi.

"Leteni kifumbu chenu cha kuchujia tui," akasema.

Kikaletwa. Kilikuwa na tundu la kupitisha kidole.