Je, wajua kwa nini msikilizaji wa webina hawezi kujifungulia maikrofoni?

Mtu anayehudhuria webina, yaani mkutano wa mtandaoni wenye wazungumzaji wachache na wasikilizaji wengi, kwa mara ya kwanza huhisi kama amebaki dirishani: anawaona wazungumzaji na kuwasikia vizuri, lakini hana kitufe cha kamera wala cha maikrofoni. Swali hili huulizwa sana hapa Bukavu na walimu na wauguzi waliozoea mikutano ya kawaida ya Zoom, ambamo kila aliyeingia anaweza kusema. Jibu lake ni kwamba katika webina ruhusa haimfuati mtu, hata awe mheshimiwa kiasi gani. Inafuata nafasi aliyoingia nayo.

Katika Zoom, mwenyeji ni mmoja, naye ndiye mwenye funguo zote: huanzisha kikao, hugawa nafasi, na ni yeye peke yake anayeweza kukifunga kwa watu wote. Wenyeji wenza humsaidia kuzima maikrofoni, kusoma maswali na kumwondoa msumbufu. Wanajopo, yaani wazungumzaji walioalikwa, huonekana, husema na huonyesha skrini zao. Wasikilizaji hutazama, huandika maswali na hunyoosha mkono, nao hawaoni orodha ya wasikilizaji wenzao, jambo lenye thamani kubwa pale mada inapogusa ugonjwa au siri ya familia.

Sababu ya kwanza ya kumfungia msikilizaji maikrofoni na kamera ni sauti, kwani katika watu mia tatu maikrofoni moja iliyoachwa wazi karibu na jenereta inatosha kumfunika mzungumzaji. Ya pili ni mtandao wenyewe. Kamera inayowashwa hupandisha picha kutoka kwenye simu ya mwenyewe hadi kwenye seva, yaani kompyuta kuu ya huduma hiyo, na seva huisambaza kwa wengine. Msikilizaji ambaye kamera yake imefungwa hupokea tu, kwa hiyo mama anayefuatilia kutoka Kadutu kwa mega alizonunua asubuhi hazimalizi kwa kurusha picha yake. Ya tatu ni usalama. Mwaka 2020, mikutano ilipohamia mtandaoni kwa sababu ya Korona, wahuni walivamia vikao na kuonyesha picha chafu, hata Zoom ikalazimika, kuanzia tarehe 5 Aprili mwaka huo, kuwasha nywila na chumba cha kusubiri kama mpangilio wa kawaida kwa watumiaji wengi.

Msikilizaji akinyoosha mkono, mwenyeji ana njia mbili, na wengi huzichanganya. Akimruhusu kusema, msikilizaji hupata sauti tu, anauliza, kisha ruhusa inarudishwa. Akimpandisha kuwa mwanajopo, mtu huyo hutolewa kwa sekunde chache na kuingizwa upya, safari hii akiwa na kamera na skrini. Kwa swali la dakika moja, njia ya kwanza inatosha kabisa; ya pili, pale mtandao ulipo dhaifu, inaweza kumpoteza muulizaji katikati ya kutoka na kuingia.

Kosa ninaloliona mara nyingi zaidi halitokei ndani ya kikao, linatokea WhatsApp. Kila mwanajopo hutumiwa kiungo chake mwenyewe, tofauti na kile cha kujiandikisha wasikilizaji, naye kwa nia njema hukibandika katika kundi la ukoo au la kanisa. Atakayekibonyeza ataingia kama mwanajopo, kamera na maikrofoni vikiwa mkononi mwake. Kiungo hicho ni ufunguo, na mwandalizi anapaswa kumweleza hivyo kila mgeni anayemwalika.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni mwenyeji mwenza. Nafasi hii haitolewi wakati wa kupanga webina. Hutolewa watu wakiwa wamekwisha kuingia, na wakati mzuri ni wa kipindi cha mazoezi, kabla wasikilizaji hawajafunguliwa. Mwenyeji mbadala ni mwingine: yeye huteuliwa mapema, awe na leseni ya Zoom katika akaunti hiyo hiyo, na anaweza kuanzisha kikao mwenyeji asipokuwepo. Kama yuko Kinshasa, akumbushwe kwamba saa kumi ya kwetu ni saa tisa ya kwao.

Nilikaa siku moja huko Ibanda kando ya muuguzi aliyekuwa akiongoza webina kuhusu kunyonyesha watoto. Umeme ukakatika, taa za ruta zikazimika zote pamoja, naye akabaki ameshika kipanya mbele ya picha iliyoganda. Lakini wakati wa mazoezi alikuwa amempa mwenzake wa Lubumbashi nafasi ya mwenyeji mwenza. Tulipojiunga tena kwa intaneti ya simu, baada ya dakika sita, tulimkuta dada huyo akisoma swali la tatu la wasikilizaji kwa sauti iliyotulia, na mkono wa mama mmoja wa Uvira ukiwa umekwisha kupewa ruhusa ya kusema.