Injini imekufa: isukwe upya au itafutwe nyingine?

Corolla 110 nyeupe ilifika gereji hapa Iringa ikivutwa kwa kamba. Ilikuwa imechemsha kwenye mlima Kitonga. Dereva akasimama, akamwagia maji, akaendelea. Ikachemsha tena, akailazimisha hadi Ilula, na hapo ikazima yenyewe. Aliyekuja nayo ni mtoto wa mwenye gari.

"Shikamoo fundi. Mzee kasema tusihangaike, tutafute injini ya mtumba tu. Hii imeshakufa."

"Marahaba. Nani aliifungua akaona imekufa?"

Hakuna aliyeifungua. Ndivyo mambo yanavyokwenda mara nyingi. Uamuzi wa kununua injini au kuisuka, yaani kuifungua na kuitengeneza upya ndani, unafanyika kwenye simu, gari likiwa bado liko barabarani, na anayelipa hajui hata kilichovunjika. Inaniuma, kwa sababu pesa ya injini kwa wengi ni akiba ya mwaka mzima. Ngoja niseme maneno ninayoyasikia kila wiki, na ukweli wake ninavyoujua.

"Ikizima na moshi, ndiyo imekufa"

Kabla ya kuizika, weka spana kwenye boliti ya puli ya krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, uizungushe kwa mkono. Injini iliyoshikamana haitazunguka. Ile Corolla ilizunguka. Tukatoa plagi zote nne, tukafunga geji ya kompresheni inayopima mgandamizo ndani ya silinda, tukakanyaga mafuta hadi mwisho na kupiga stata kwa betri iliyojaa. Silinda ya kwanza na ya nne zilisoma bar 12. Ya pili na ya tatu zilisoma bar 4 kila moja.

Kwa injini nyingi za petroli za Toyota, tofauti kati ya silinda na silinda haitakiwi kuzidi bar 1. Lakini angalia pia mpangilio: silinda mbili zinazopakana zikiwa chini kwa kiwango kilekile, mtuhumiwa wa kwanza ni gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi (kichwa cha injini) na bloku, iliyoungua kwenye ule ukingo mwembamba unaozitenganisha. Tukadondosha oili kijiko kimoja cha chai kwenye kila moja ya zile mbili, tukapima tena. Ingepanda sana, tungesema ringi, zile pete za pistoni, zimechoka, maana oili huziba pengo la ringi kwa muda. Haikupanda. Dakika ishirini za kazi, na tayari maneno ya "imekufa" yalikuwa yameanza kupoteza nguvu.

Kuna na hili la mkanda wa taimingi, unaozungusha kemshafti ya kufungua valvu kwa kufuata krenki. Mtu mkanda umemkatikia, fundi anamwambia valvu zimepinda, anunue injini. Kwa 5A-FE iliyomo kwenye Corolla hizi, na kwa ndugu yake 4A-FE, pistoni na valvu hazikutani hata mkanda ukikatika. Unafunga mkanda mpya, unapanga alama, unawasha. Kwenye dizeli kama 1KZ ya Prado au 1HZ ya Land Cruiser habari ni tofauti kabisa: pale mkanda ukikatika pistoni inapiga valvu. Ndiyo maana kwenye dashibodi kuna taa imeandikwa T-BELT, na ikiwaka usiitolee balbu kama nilivyowahi kukuta.

"Injini ya mtumba imetoka Japani, hiyo haina shida"

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wanapoumia zaidi.

Injini haiji na mita ya kilomita. Mita ilibaki kwenye gari lililokatwa. Muuzaji akikuambia imetembea elfu sitini, anakuambia anachotaka usikie, au anachoamini yeye mwenyewe kwa kuambiwa na mwingine. Injini nyingine zimepita kwenye maghala ya Sharjah kabla ya kufika Gerezani pale Dar au Kirinyaga Road pale Nairobi, na katika safari hiyo zimebadilisha mikono zaidi ya mara moja. Zipo nzuri sana, sikatai, nimefunga nyingi zinazotembea mpaka leo. Lakini sifa ya nchi ilikotoka haikuambii chochote kuhusu hiyo moja iliyolala sakafuni mbele yako.

Halafu kuna ugonjwa wa kuzaliwa nao. Chukua 1ZZ-FE, ile ya lita 1.8 iliyomo kwenye Toyota Wish, Opa na baadhi ya Allion na Premio. Zile za miaka ya mwanzo zinajulikana kula oili: matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni ni madogo na machache, masizi yanayaziba, ringi ya oili inaganda kwenye mfereji wake. Toyota wenyewe walibadilisha pistoni hizo kufikia mwaka 2005. Sasa mtu ana Wish inayokula oili, anaitoa injini, anaweka 1ZZ nyingine ya umri uleule. Amenunua ugonjwa uleule kwa pesa mpya. Kwa injini hii mimi husema fungua, weka pistoni za toleo la baadaye na ringi mpya, safisha masizi yote. Kama silinda ziko sawa, hapo kusuka kunashinda mtumba.

Ukiamua kununua, usinunue kwa macho ya nje. Injini iliyooshwa kwa petroli ikapuliziwa rangi ya fedha haijakuambia kitu. Mimi naiamini zaidi ile yenye vumbi lake. Fungua kifuniko cha oili uangalie chini kwa tochi. Ukiona kemshafti ina rangi ya asali, ni kawaida. Ukiona tope jeusi limeganda, huyo mwenye gari hakuwa akibadilisha oili. Ukiona povu jeupe kama maziwa ya mgando, maji yamechanganyika na oili. Omba sampu, lile beseni la oili chini ya injini, ifunguliwe. Chovya kidole kwenye masalia ya oili, kisugue juani: chembe zinazong'aa kama unga wa shaba ni beringi zilizoanza kulika. Muuzaji akikataa sampu isifunguliwe, ondoka.

Injini inaweza kupimwa kompresheni hata ikiwa chini, mradi ina stata na betri. Na garantii iandikwe kwenye risiti: siku ngapi, inahusu nini, na nani atalipa kazi ya kuitoa ikifeli. Hilo la mwisho watu hulisahau. Unarudishiwa injini nyingine, lakini kazi ya kuishusha na kuipandisha unalipa mara ya pili.

Jambo jingine ni vifaa vyake. Jina la injini likifanana si lazima kila kitu kifanane. Sampu ya gari la kuvuta mbele na ya four-wheel zinaweza kutofautiana. Soketi za waya, kontrolboksi, manifodi, kinachofunga giaboksi ya auto na cha manyo, vyote vilinganishwe na vya kwako kabla hujalipa. Nimeona gari limekaa wiki tatu juu ya matofali kwa sababu ya soketi moja ya sensa.

"Kusuka injini ni kuvalisha ringi"

Ringi mpya ndani ya silinda iliyolika ni kama kizibo kipya kwenye chupa iliyomeguka mdomo. Silinda hulika zaidi juu, pale ringi inapogeukia, na hulika kwa umbo la yai. Pitisha ukucha kutoka juu kushuka: ukikwama kwenye kingo, hapo chuma kimeshaondoka, na kazi ya kupima inaanza. Inapimwa kwa geji ya silinda, juu, katikati na chini, kwa pande mbili. Ikizidi kiwango, inapelekwa kwa mchongaji itanuliwe, na pistoni kubwa zaidi zinanunuliwa, za 0.25 au 0.50 milimita kwa kawaida. Pistoni zinunuliwe kwanza ndipo silinda itanuliwe kuzifuata hizo. Kinyume chake ni kubahatisha. Krenki nayo inapimwa, na ikibidi kusagwa inapewa beringi za saizi yake mpya.

Kwa hiyo ukiambiwa "tutakufanyia ovahoo kwa kiasi fulani", uliza neno hilo limebeba nini. Pampu ya oili imo? Seti ya gasketi? Taimingi? Kazi ya mashine? Sili za valvu? Omba iandikwe. Na omba spea za zamani zote zirudishwe kwako ndani ya boksi.

Kuna bloku ambazo kuzitanua hakufai kitu. 1NZ-FE ya Vitz, IST na Probox ni aluminiamu yenye mashati (kuta za ndani za silinda) membamba ya chuma ndani yake. Kwa kuwa injini hiyo imejaa sokoni, silinda zake zikiharibika vibaya mimi mwenyewe nitakushauri utafute nyingine nzuri. Vivyo hivyo koni rodi, fimbo inayounganisha pistoni na krenki, ikitoboa ubavu wa bloku, usisuke chochote. Lakini injini ya 3L au 5L ya Hiace, bloku yake ni chuma kizito na inavumilia kuchongwa, na spea zake zipo mpaka wilayani. Hiyo nikipata mchongaji ninayemwamini, naisuka.

Huyo mchongaji ndiye nusu ya uamuzi. Kama mjini kwako hakuna mtu mwenye mashine nzuri na anayepima kwa maikromita badala ya jicho, kusuka kunakuwa kamari hata injini ikiwa ya chuma.

"Hedi ikipigwa mashine, imepona"

Kulaza hedi kwenye mashine kunanyoosha uso, hakuzibi ufa. Hedi ya aluminiamu iliyochemka ipimwe kwa presha ya hewa ikiwa ndani ya maji ya moto, mapovu yaonekane yanatokea wapi. Hedi za 1KZ-TE zina sifa mbaya ya kupasuka baada ya kuchemsha, na nyingine huonekana nzima zikiwa baridi. Tena, kwenye dizeli usinyooshe kiholela: gasketi zake zina unene tofauti, na inayofaa huchaguliwa kwa kupima pistoni zimechomoza kiasi gani juu ya bloku.

"Huku kwetu joto, themostati ya nini?"

Kama kuna dhana moja ningeiondoa leo katika Afrika Mashariki yote, ni hii. Themostati hutolewa na kutupwa, mtu anaambiwa sasa maji yatapita vizuri. Kwenye Toyota nyingi themostati ina kazi mbili: ikifika nyuzi 82 hivi inafungua njia ya rejeta, na wakati huohuo inaziba njia ya mkato ambayo maji huzungukia ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi siku zote. Asubuhi na kwenye tambarare injini inatembea baridi, petroli isiyoungua inaosha oili kwenye kuta za silinda, silinda zinalika. Kisha unafika Kitonga na mzigo, na sehemu ya maji inaendelea kukwepa rejeta wakati ule ule unapoihitaji kuliko wakati wote. Ongeza na maji ya bomba miaka kumi badala ya kulanti, maji yenye dawa ya kupoza injini, kutu inajaa kwenye mirija.

Ndiyo maana kila injini iliyokufa inabidi iulizwe imekufa kwa nini. Ukifunga injini mpya kabisa kwenye rejeta iliyoziba, itakufa kwa namna ileile, na lawama atabebeshwa aliyeiuza.

"Matengenezo yakizidi bei ya gari, litupe"

Bei ya gari bovu si kipimo sahihi. Linganisha na pesa utakayotoa kupata gari jingine zima la aina hiyo, pamoja na ushuru wake, na matengenezo ya mwanzo ambayo kila gari la kununua hudai. Bodi, giaboksi na chasisi zikiwa nzima, na unajua historia ya gari lako, injini inaweza kustahili. Chasisi ikiwa imeoza kwa chumvi ya pwani, hata injini ya bure ni hasara.

Kama umebadilisha injini, namba yake haitalingana na kadi. Tanzania peleka mabadiliko TRA, Kenya NTSA, ukiwa na risiti na karatasi za injini ilikotoka. Bila hizo utasumbuka siku ya kuuza au trafiki akikagua, na mbaya zaidi kama injini iliibwa.

Ile Corolla tuliifungua kesho yake. Gasketi ilikuwa imeungua palepale, kati ya silinda ya pili na ya tatu. Tukalaza rula ya chuma juu ya hedi: kipimo cha milimita 0.15 kilipita chini yake, wakati mwisho unaoruhusiwa ni milimita 0.05. Haikuwa na ufa. Ndani ya silinda, mistari ya msalaba iliyochorwa kiwandani bado ilionekana, na ukucha haukukwama popote. Tukashusha sampu tukafungua kofia mbili za beringi: kijivu kilichofifia, hakuna shaba iliyochungulia. Themostati haikuwepo. Rejeta tuliipindua ikatoa uji mwekundu wa kutu.

Kwa hiyo hatukununua injini, wala hatukuisuka yote. Hedi ilinyooshwa, ikawekewa gasketi na sili za valvu mpya, boliti zikakazwa kwa toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, hatua tatu: 29 Nm, kisha kuzungushwa nyuzi 90, kisha nyuzi 90 tena. Rejeta mpya, themostati, kulanti.

Mzee alikuja mwenyewe kulichukua gari. Nikamkabidhi boksi la spea za zamani, akaitoa ile gasketi, akaigeuza kwenye mwanga mpaka akaona mahali palipoungua, kipande kisichozidi upana wa kucha ya kidole kidogo. Akaiweka kwenye kiti cha mbele, akawasha gari, akakaa pale kama dakika kumi akiangalia mshale wa joto ukipanda hadi katikati na kusimama.