Roma ya kwenye filamu haikuokotwa njiani

Kila muhula darasa langu la filamu huanza na kauli ileile kuhusu filamu za Italia za baada ya Vita vya Pili vya Dunia: "Waitaliano walibeba kamera, wakaingia mtaani, wakapiga walichokiona." Nimechoka kuisikia, hasa kwa mwanafunzi anayeitumia kukwepa kuandika skripti.

Chukua Ladri di biciclette (Wezi wa Baiskeli) ya Vittorio De Sica, ya mwaka 1948. Ni kweli kwamba Lamberto Maggiorani, aliyeigiza baba, alikuwa mfanyakazi wa kiwandani. Lakini skripti iliandikwa na kundi zima, Cesare Zavattini akiwa mbele, na sauti ziliingizwa baadaye studioni. Wala familia ya baba huyo haikuwekwa Val Melaina kwa bahati. Ni mtaa wa pembezoni mwa Roma uliojengwa zama za dikteta Mussolini, mbali na katikati ya jiji. Mke anachota maji nje kwenye bomba la wote, na mume asipokuwa na baiskeli hana kazi. Hadithi yote imebebwa na umbali huo. Kisha wanaweka shuka zao rehani ili waikomboe baiskeli. Karani anapanda rafu, anazidi kupanda, kamera inamfuata mpaka tunaona marundo kwa marundo ya shuka za watu wengine. Kwa picha moja tu umeelezwa hali ya Roma baada ya vita! Aliyeipanga alikaa akafikiri.

Wengine hudai La dolce vita (Maisha Matamu, 1960) inasifu anasa. Itazameni upya. Federico Fellini anaanza na helikopta iliyobeba sanamu ya Kristo, ikipita juu ya magofu ya mfereji wa kale wa maji na maghorofa mapya. Jiji linatanuka, na mwandishi wa habari anayetuzungusha humo anazidi kupotea. Ile Via Veneto mnayoipenda, barabara ya mikahawa ya Roma, sehemu yake kubwa ilijengwa ndani ya studio za Cinecittà.

Eti ukihamia nyumba mpya umaskini umekwisha? Katika Mamma Roma ya Pier Paolo Pasolini (1962) mama anapata fleti kwenye mtaa mpya, na mwanawe anaangamia vilevile.

Kwa hiyo, kabla hujaniletea wazo la filamu ya mtaani, niandikie ukurasa mmoja: mhusika wako anaishi wapi, anapanda nini kwenda kazini, nauli ni kiasi gani, maji anayapata wapi, na kodi ya nyumba anamlipa nani.