Kabla ya kuongeza kiki, sikiliza mguu wa mpiga fidla

Mara ya kwanza kupewa bendi ya banjo na fidla niiwekee sauti jukwaani, niliiharibu. Lilikuwa tamasha dogo huku North Carolina, Marekani, ninakoishi, na mimi nilikuwa nimetoka kwenye miaka mingi ya kupiga gitaa la ridhim, kisha kukaa kwenye mikisa (meza ya kuchanganyia sauti), kwa bendi za dansi Dar es Salaam. Nikafanya nilichozoea. Kila chombo maiki yake, besi nikaipandisha, banjo nikaipunguza zile sauti zake kali za juu maana ilikuwa inanichoma masikio, nikamalizia na mwangwi kidogo ili sauti ijae. Baada ya wimbo wa pili mpiga fidla, mzee wa miaka sabini hivi, akashuka jukwaani akaja mpaka kwenye meza yangu. Hakuwa na hasira. Aliniomba tu niondoe maiki zote nibakize moja, wenyewe wataizunguka. Nikaondoa huku nimenuna. Wimbo wa tatu haujafika katikati, watu waliokuwa wamejilaza kwenye nyasi wakaanza kuinuka.

Nimeikumbuka siku ile kwa sababu vijana wa studio za nyumbani wananiuliza sana kuhusu hizi bendi za Marekani zinazopiga nyimbo za mababu wa milima ya Appalachia, mashariki mwa nchi hiyo, kwa moto wa panki au hip hop. Wengi wanadhani siri yake ni nyepesi: chukua wimbo wa zamani, chini yake bandika kiki (ngoma ya mguu, sio kiki za mastaa), ongeza spidi, basi. Mimi naona ni kinyume. Moto huo mwingi ulikuwamo tangu zamani. Santuri ndizo zilizoupunguza, na bendi zilizofanikiwa zaidi ni zile zilizourudisha.

Tuanzie kwenye mkono wa kulia. Banjo ya huku ina nyuzi tano, na uzi wa tano ni mfupi: unaanzia katikati ya mpini, na sauti yake iko juu kuliko zote. Sasa kunja vidole kama mtu anayebisha hodi. Ukucha wa kidole cha shahada unashuka kwenye uzi mmoja: tum. Unashuka tena, safari hii unapangusa nyuzi kadhaa kwa pamoja: cha. Mkono unapoinuka, kidole gumba kilichokuwa kimetulia juu ya ule uzi mfupi kinauachia: ka. Tum-chaka, tum-chaka. Kidole cha shahada hakichokonoi uzi kwenda juu hata mara moja. Kazi yake ni kushuka tu. Na kinashukia wapi? Juu ya ngozi iliyowambwa kwenye duara la mbao, ingawa siku hizi nyingi ni plastiki. Chombo hiki ni ngoma yenye mpini. Ukipunguza zile kali zake, kama nilivyofanya mimi, umeinyamazisha ngoma.

Mtindo huo wa ukucha kushuka haukuzaliwa Appalachia. Wajola wa Senegambia (eneo la Senegal na Gambia) wana chombo kinachoitwa akonting, cha kibuyu, chenye nyuzi tatu na mmoja wao mfupi wa kidole gumba, na hupigwa vivyo hivyo. Watu wa Afrika Magharibi waliotekwa na kuuzwa ndio walioipeleka elimu hiyo ng'ambo, kwanza Karibiani, baadaye bara la Marekani. Wazungu walianza kuipiga banjo majukwaani kwa wingi kuanzia miaka ya 1830, na hapo ndipo historia yake ilipoanza kuandikwa upya kwa rangi nyingine.

Kuna na fidla. Upinde hauvutwi kwa ulaini kama kwenye taarab; unakatwakatwa, mrefu mmoja na mifupi miwili, na mifupi hiyo inaingia pale pale banjo inaposema "chaka". Vyombo viwili hivi vinashikana kama gitaa la ridhim na solo la pili kwenye chemko, ile sehemu ya mwisho ya wimbo wa dansi inayochangamka. Wimbo wenyewe ni mfupi sana: sehemu ya kwanza mara mbili, sehemu ya pili mara mbili, halafu unarudi mwanzo. Hakuna mtu anayejitokeza kupiga solo, wote wanaifuata sauti moja. Unazungushwa mara kumi, mara ishirini, kadiri wachezaji walivyo na pumzi. Aliyewahi kucheza chemko la bendi zetu usiku wa manane anajua kinachotokea kwenye mzunguko wa kumi na tano: wimbo unaacha kuwa wimbo, unakuwa mahali ulipo.

Sasa lete santuri. Upande mmoja ulibeba dakika tatu hivi. Eck Robertson alirekodi fidla yake New York mwaka 1922, na kiangazi cha 1927 Ralph Peer, mrekodi wa kampuni ya santuri, akafunga mitambo Bristol, mjini mpakani mwa Tennessee na Virginia, akarekodi watu wa milimani, wakiwamo waimbaji wa familia ya Carter na mwimbaji Jimmie Rodgers. (Huyo Rodgers santuri zake zilifika mpaka kwa Wakipsigis wa Kenya. Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alipokwenda na mashine yake ya kurekodia mwaka 1950 aliwakuta wasichana wakimwimba kwa jina la Chemirocha, kiumbe nusu mtu nusu paa. Mpaka leo sijaona mwanamuziki wa kantri aliyepata sifa kubwa kuliko hiyo.) Dakika tatu zinakubakizia mizunguko michache tu, na mahali pa dansi panachukuliwa na chumba chenye maiki. Tulichorithi kwenye santuri ni picha ya pasipoti ya muziki ule.

Na pasipoti hiyo haikutolewa kwa wote. Kampuni ziliuza santuri kwa mafungu mawili: bluzi na nyimbo za dini kwa Weusi, fidla na banjo kwa wazungu wa mashambani. Bendi za Weusi za fidla na banjo zilikuwapo kila mahali Kusini mwa Marekani, lakini hazikuingia vizuri kwenye fungu lolote, kwa hiyo zilirekodiwa chache sana. Baada ya miaka hamsini, ukimwonyesha mtu banjo alikuwa anaona mzungu mwenye kofia ya majani.

Ndiyo maana mfano wangu mkubwa ni bendi ya Weusi ya Carolina Chocolate Drops. Aprili 2005 palifanyika mkutano wa wapiga banjo Weusi mjini Boone, North Carolina, na hapo wakakutana walioiunda, Rhiannon Giddens, Dom Flemons na Justin Robinson. Giddens alikuwa amesomea opera. Wakaanza kwenda Mebane, mji mwingine wa jimbo hilo, nyumbani kwa Joe Thompson, mpiga fidla Mweusi aliyezaliwa 1918, aliyejifunza kwa baba yake na kufanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha fanicha. Ujanani alipiga kwenye dansi za usiku baada ya watu kumenya mahindi, na baadaye akapiga na binamu yake Odell kwenye banjo hadi Odell alipofariki mwaka 1994. Vijana walikuwa wakienda Alhamisi usiku. Hakukuwa na karatasi wala somo: mzee anapiga, nao wanapiga naye, wimbo ule ule tena na tena, mpaka mkono uelewe.

Sikiliza albamu yao ya 2010, iliyowapa Grammy mwaka uliofuata. Humo kuna wimbo wa R&B wa Blu Cantrell uliotamba mwaka 2001. Wameupiga kwa fidla na banjo, na mmoja wao anapiga ngoma kwa mdomo kama vijana wa mtaani. Mara ya kwanza nilitegemea kichekesho. Sivyo hata kidogo. Ule mdomo unafanya kazi ambayo mifupa ya kugongesha mkononi na jagi la kupuliziwa hufanya kwenye nyimbo zao nyingine, na upinde wa Giddens haubadilishi lafudhi yake kuufuata wimbo mpya. Wimbo mpya ndio unaokuja kukaa kwenye upinde. Kwa kuwa walijifunzia kwenye dansi, R&B ilikuta kiti chake kimeshawekwa. Giddens huyo huyo ndiye aliyemwita kila mtu asikilize tena mwaka 2024, banjo yake ilipofungua wimbo wa kantri wa Beyoncé.

Wengine nawapitia haraka. Old Crow Medicine Show walianza 1998 kwa kupiga barabarani, na walikuwa mbele ya duka la dawa huko Boone pale binti wa Doc Watson, mpiga gitaa kipofu maarufu, alipowasikia akaenda kumwambia baba yake. Barabarani hakuna mikisa. Usipompiga mpita njia kifuani ndani ya sekunde tano amekwenda, na hiyo naisikia bado kwenye sauti zao. Ndugu wa Avett kutoka Concord waliamua kila mmoja mguu wake ufanye kazi: mwenye banjo anakanyaga kiki, mwenye gitaa anakanyaga haiheti (visahani viwili vya kugongana). Trampled by Turtles wa Duluth, Minnesota, hawana ngoma kabisa na bado wanakimbia kama wamefukuzwa na nyuki. Nawaheshimu, ila kwa sikio langu spidi ile inaua "chaka". Muziki huu wa kuchezesha watu kwa kawaida huwa kwenye mapigo 110 hadi 120 kwa dakika. Ukivuka mbali sana, miguu inasimama na watu wanabaki kutikisa vichwa.

Msichanganye tu na blugrasi, mtindo mwingine wa huku wa banjo na fidla. Hiyo ilipata sura yake Earl Scruggs alipojiunga na bendi ya Bill Monroe mwishoni mwa 1945 na banjo ya vidole vitatu vinavyochokonoa, kila mpigaji akipewa zamu ya solo. Ni muziki wa jukwaa na watazamaji tangu siku ya kwanza.

Nilichojifunza kwa mzee wa fidla sikukijua chote siku ile. Miezi kadhaa baadaye nikamkuta tena, safari hii barazani kwa rafiki, hakuna maiki hata moja. Nikakaa chini kwenye ngazi, usawa wa viatu vyake, ndipo nikagundua kwamba alikuwa akikanyaga mbao za baraza kwa kisigino kila "tum", na baraza zima lilikuwa linaitika. Jukwaani siku ile alisimama juu ya zulia, nililitandika mwenyewe ili nyaya zisionekane.

Siku hizi kwenye buti la gari langu kuna kipande cha plaiwudi, futi mbili kwa tatu, chenye maiki ndogo niliyoigundisha chini yake. Bendi ya aina hii ikija, maiki moja naisimamisha katikati, na ubao nauweka chini ya kiatu cha mpiga fidla. Besi siigusi.