Maji yaliyobaki bombani: dhana potofu kuhusu kufunga bwawa kabla ya baridi

Septemba ikianza kuisha hapa Minneapolis, Marekani, simu yangu haitulii. Kazi yangu ni kufunga mabwawa ya kuogelea ya majumbani kabla ya baridi kali, na siku hizi wanaonipigia ni pamoja na Waswahili wenzangu walionunua nyumba zenye bwawa. Kwetu bomba likipasuka, tunatafuta aliyelipiga jembe. Habari ya bomba kupasuliwa na baridi wengi wetu tumeijulia huku, na wengine kwa gharama kubwa. Haya ndiyo ninayoyasikia kila mwaka.

"Bwawa langu ni la chumvi, haligandi." Mzee mmoja aliyekulia Tanga aliniambia hivyo huku ameshika kikombe chake cha chai mlangoni: "Bahari haigandi, mwanangu." Kwa bahari aliyoizoea, kasema kweli. Lakini maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita, na hata hayo huganda yakifika karibu nyuzi 2 chini ya sifuri. Bwawa la chumvi lina gramu 3 hivi kwa lita. Chumvi hiyo inashusha kiwango cha kuganda kwa nyuzi 0.2 tu, na usiku wa Januari hapa unaweza kufika nyuzi 20 chini ya sifuri au zaidi. Mzee aliniitikia, akanifungulia geti la uani.

"Mabomba yamefukiwa, udongo unayakinga." Udongo unakinga, ila uchimbe kweli. Kanuni za ujenzi za Minnesota zinataka msingi wa nyumba ushuke sentimita 107 kusini mwa jimbo na 152 kaskazini, kwa sababu ardhi yenyewe huganda. Mabomba ya bwawa mara nyingi yamelazwa nusu mita hivi. Na hata yangekuwa chini zaidi, lazima yapande juu kuifuata pampu.

Dhana inayovunja mabomba mengi kuliko zote ni hii: "Nimefungua vizibo vya pampu, maji yametoka, basi." Yametoka ya kwenye pampu. Bomba lililolala chini lina mabonde yake na kona zake, na humo maji hukaa. Maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa takriban asilimia 9. Barafu ikiziba sehemu mbili za bomba, maji yaliyonaswa katikati hayana pa kwenda. Barafu inazidi kuyasukuma, presha inapanda, na bomba linaachia pale palipo dhaifu. Ndiyo maana ufa mara nyingi unaukuta mbali na pale barafu ilipoanzia. Kuna nyumba niliyoitwa majira ya kuchipua, bwawa linapungua vidole viwili kwa siku na nyasi upande mmoja zimekuwa tope. Tulichimba mpaka kwenye elbo moja, kile kipande cha kona cha bomba. Ufa wake ulikuwa mwembamba kama uzi, ukucha wangu ulipita kwa shida. Familia ile ililipa kuchimbua sakafu ya uani kwa ajili ya maji yasiyojaza hata ndoo.

Kwa hiyo bomba lazima lipulizwe. Natumia blowa inayotoa hewa nyingi kwa presha ndogo. Kompresa ya gereji ikifunguliwa presha yote ni hatari: bomba la plastiki lililojaa hewa iliyobanwa hupasuka vipande vikaruka. Tafadhali usijaribu. Unapuliza kuanzia kwenye pampu, unatazama mdomo mmoja mmoja wa kurudishia maji: kwanza maji yanatoka kwa fujo, kisha mapovu, kisha hewa yenye ukungu. Hapo ndipo unakaza kizibo, unahamia mdomo mwingine. Skima, lile tundu la pembeni linalonyonya majani, nalo hupulizwa na kuzibwa hivyo hivyo.

Bomba la chini kabisa ya bwawa watu huliogopa, maana hakuna wa kupiga mbizi akalizibe. Puliza mpaka mapovu makubwa yapande katikati ya bwawa, acha dakika moja au mbili, kisha funga vali hewa ikiwa bado inasukuma. Zamisha kikombe kichwa chini kwenye ndoo utaona jinsi inavyofanya kazi: hewa iliyofungiwa ndani inayazuia maji yasipande.

"Nitamimina antifrizi tu." Antifrizi, dawa ya kuzuia maji yasigande, ikikutana na maji yaliyobaki huchujuka na kupoteza nguvu. Mimi huiongeza baada ya kupuliza, pale ninapokuwa na shaka na bonde fulani. Na iwe ya bwawa, ya propilini glaikoli. Ile ya kawaida ya gari, ya ethilini glaikoli, ni sumu, na kiasi kidogo tu huua mbwa. Nina watoto na najua wanavyokunywa maji ya bwawa wakicheza, kwa hiyo hapa sina mjadala.

"Nitaiacha pampu izunguke, maji yanayotembea hayagandi." Muulize aliyekuwa Texas Februari 2021. Umeme ulikatika kwenye nyumba na biashara zaidi ya milioni 4.5, pampu zikasimama baridi ikiwa kali, na vyombo vya mabwawa mengi vikapasuka.

Wapo pia wanaotaka kukausha bwawa lote. Usifanye. Maji ya ardhini yanaweza kulisukuma bwawa tupu juu kutoka chini. Barafu huelea na chini yake maji hubaki maji. Kwenye mabwawa mengi inatosha kushusha usawa mpaka chini ya skima.

Hita usiisahau: mabomba yake ya ndani mara nyingi ni ya shaba, na kuibadilisha ni ghali. Fungua vizibo vyake, vya kichujio na vya pampu, uviache wazi. Mimi huvitia vyote pamoja na oringi zake, zile pete za mpira za kuzuia kuvuja, ndani ya kikapu cha pampu, kisha narudisha kifuniko. Mei atakayekuja kufungua bwawa, hata asipokuwa mimi, atavikuta hapo.